Hisa ya Bomba la Mafuta Inalipa Gawio Kila Robo Mwaka: Uiuze Lini?

Shemeji yangu yuko Fort McMurray, mimi niko Edmonton. Jumapili moja usiku alinipigia simu kwa sauti ya mtu ambaye keshaamua, ila anatafuta wa kugawana naye lawama.

"Shem, ile hisa ya bomba imeshuka tena. Niuze?"

"Kwa nini uuze?"

"Si imeshuka!"

"Na kwa nini usiuze?"

"Inanipa asilimia nane kwa mwaka, benki inanipa tatu. Mwembe unaozaa utaukata kwa sababu ya upepo?"

Nikamuuliza aliinunua kwa bei gani, na kampuni inatoa wapi hela ya kulipa hiyo nane. La kwanza alilijibu haraka. La pili alinyamaza, akacheka, kisha akasema mtandao unasumbua.

Tuliendelea na mazungumzo hayo kwa wiki mbili, na mwongozo huu umetoka humo. Nimewaandikia Waswahili walioko Kanada na Marekani ambao wana hisa za mabomba kwenye akaunti zao, pamoja na wachache walioko nyumbani wanaozinunua kwa simu kupitia madalali wa nje. Sina leseni ya ushauri wa fedha. Nilichonacho ni makosa mawili ya kuuza: moja niliuza mapema mno, jingine nikachelewa.

Wengi wetu husubiri gawio, yaani hela ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, likatwe ndipo tukimbilie kuuza. Saa hiyo hasara kubwa huwa imeshapita mlangoni. Dalili za kweli hutangulia, na mahali pa kuzitafuta ni kwenye namna kampuni inavyolipia ujenzi wake. Ndiyo maana hatua ya nne hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Hatua ya 1: Andika sababu yako kwenye karatasi

Sentensi moja tu: kwa nini una hisa hii? "Nataka gawio linisaidie kulipa kodi ya nyumba" ni sababu. "Kila mtu kazini anayo" ni uvumi uliovaa suti. Chini ya sentensi hiyo andika ni jambo gani likitokea utaiuza, na uliandike kabla halijatokea.

Kama uliinunua kwa ajili ya gawio, bei kushuka peke yake hakuvunji sababu yako. Kinachoivunja ni uwezo wa kulipa gawio kupungua. Siku soko linapowaka moto na kidole kinatetemeka juu ya kitufe cha kuuza, utaisoma karatasi hiyo kwanza. Mimi sikuwa nayo, na nilichokuwa nikisoma ni rangi nyekundu kwenye simu.

Hatua ya 2: Jua bomba lako linaingizaje hela

Bomba halichimbi wala haliuzi mafuta. Linatoza nauli, kama kivuko. Tangu 1968 bomba la TAZAMA limekuwa likisafirisha mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mwenye shehena ndiye anayelipia safari. Kampuni kubwa za Kanada na Marekani zinafanya kazi hiyohiyo kwa ukubwa wa kutisha: mfumo wa Mainline wa Enbridge, kampuni yenye makao Calgary, hupitisha karibu mapipa milioni 3 kwa siku. Kwa hiyo bei ya mafuta ikianguka leo, nauli haianguki kesho. Huo ndio utamu wa hisa hizi, na ndiyo sababu wastaafu wanazipenda.

Lakini nauli ina mambo matatu ya kuchunguza. Mkataba unaisha lini? Nani ana mamlaka juu ya bei ya nauli? Kuna bomba jingine linaloweza kuwachukua abiria?

Tuichukue Mainline yenyewe. Enbridge iliomba kuifunga sehemu kubwa ya bomba hilo kwa mikataba ya muda mrefu, na mwaka 2021 msimamizi wa nishati wa Kanada akakataa. Baadaye kampuni ilielewana na wasafirishaji juu ya nauli itakayotumika hadi mwisho wa 2028. Mei 2024 upanuzi wa Trans Mountain ukafunguliwa kuelekea pwani ya British Columbia, na uwezo wa bomba hilo ukafika mapipa 890,000 kwa siku. Hapo wengine walitabiri kwamba Mainline ingebaki tupu. Haikubaki tupu. Hata hivyo, mwenye hisa za Enbridge anapaswa kuujua mwaka 2028 kama mpangaji anavyoijua tarehe ya mwisho ya mkataba wa nyumba. Tarehe hiyo ikikaribia, soma kinachosemwa kuhusu nauli mpya kabla hujasoma bei ya hisa.

Kidogo nje ya mada: ndugu zangu wa Tanga huniuliza kama wanaweza kununua hisa za EACOP, bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda, maana linaishia kwetu Chongoleani. Hisa zake haziuzwi kwa umma. TotalEnergies ina asilimia 62, UNOC ya Uganda 15, TPDC ya Tanzania 15 na CNOOC ya China 8.

Hatua ya 3: Pima gawio kwa fedha inayoingia

Hapa ndipo watu wengi wenye hofu huuza bila sababu. Mtu anafungua taarifa ya mwaka, anaona gawio ni kubwa kuliko faida, anapiga kelele kwamba kampuni inakula mbegu.

Mwaka 2024 Enbridge ilipata faida ya dola za Kanada 2.34 kwa kila hisa, na gawio la mwaka huo lilikuwa dola 3.66. Ukiishia hapo utauza usiku huohuo. Lakini faida ya vitabuni hukatwa uchakavu wa mabomba, na uchakavu ni hesabu tu, haumtoi mtu hela mfukoni mwaka huo. Kampuni hizi hutoa pia kipimo kingine: fedha iliyobaki baada ya riba, kodi na matengenezo, yaani fedha inayoweza kugawanywa (distributable cash flow). Kwa Enbridge mwaka huo ilikuwa dola 5.56 kwa hisa. Gawanya 3.66 kwa 5.56, unapata asilimia 66. Kampuni yenyewe imejiwekea kukaa kati ya 60 na 70.

Kwa hiyo fanya hivi: fungua ripoti ya robo mwaka (za Kanada ziko kwenye tovuti ya SEDAR+, za Marekani kwenye tovuti ya EDGAR, zote bure), tafuta fedha inayogawika kwa kila hisa, kisha ligawanye gawio kwayo. Irudie hesabu hiyo kwa miaka mitano ya nyuma. Namba moja haina maana kubwa; mwelekeo ndio unaosema. Ikiwa ilikuwa 62, ikawa 66, ikawa 73, ikawa 81, huku viongozi wakiendelea kupandisha gawio kila mwaka ili rekodi isivunjike, basi karatasi yako ya hatua ya kwanza imeanza kuita.

Tahadhari moja: kipimo hiki hutengenezwa na kampuni yenyewe, na kila moja ina njia yake ya kukipika. Usilinganishe ya kampuni hii na ya ile kana kwamba ni kilo na kilo.

Hatua ya 4: Uliza ujenzi unalipwa na nani

Kampuni inaweza kuwa na fedha ya kutosha kulipa gawio leo na bado ikalikata kesho. Kisa kinachofundisha hili kuliko vyote ni cha Kinder Morgan ya Houston, mwaka 2015.

Kinder Morgan ilianzishwa 1997 na Richard Kinder, aliyewahi kuwa rais wa Enron, kampuni ya nishati iliyokuja kuanguka kwa udanganyifu wa hesabu, akaondoka kabla jina hilo halijanuka, pamoja na William Morgan. Mwaka 2014 iliziunganisha kampuni zake ndogo chini ya kampuni moja, na ikawaahidi wanahisa gawio la dola 2 kwa mwaka 2015, kisha ongezeko la asilimia 10 kila mwaka hadi 2020. Watu walishangilia. Aprili 2015 hisa ilipita dola 44. Mwenye kuinunua hapo alikuwa akipata kama asilimia 4 na kidogo, na ahadi mfukoni.

Fedha ya kulipa gawio hilo ilikuwepo, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Karibu yote iliyoingia iligawiwa wanahisa, kwa hiyo kila bomba jipya lilijengwa kwa hela za watu wengine: mikopo na hisa mpya. Waswahili tuna msemo mkali kuhusu nguo ya kuazima, unaumalizia mwenyewe. Madeni yalikuwa zaidi ya dola bilioni 40. Mpango mzima ulihitaji mambo mawili yaendelee daima: bei ya hisa ibaki juu ili kutoa hisa mpya kusiwe ghali, na wakopeshaji waendelee kuamini.

Bei ya mafuta ikaanguka, soko likazikimbia hisa zote zenye harufu ya petroli, na milango ikaanza kufungwa mmoja baada ya mwingine. Fuata tarehe, maana ndizo somo lenyewe.

Oktoba 2015 kampuni ikapandisha gawio hadi senti 51 kwa robo mwaka, lakini ikalegeza ahadi ya ongezeko: badala ya asilimia 10 ikasema kati ya 6 na 10. Mwezi huohuo ikauza hisa maalumu, zinazolipwa gawio kabla ya hisa za kawaida, za dola bilioni 1.6 zenye gawio la asilimia 9.75. Tulia hapo kidogo. Kampuni inayojisifu kuwa imara kama mwamba inakubali kulipa karibu asilimia 10 ili kupata hela ya ujenzi. Hisa ya kawaida wakati huo bado ilikuwa juu ya dola 25. Tarehe 1 Desemba, Moody's, wakala wa kupima uwezo wa kampuni kulipa madeni, ikabadili mtazamo wake juu ya madeni ya kampuni kuwa hasi, baada ya Kinder Morgan kukubali kuongeza sehemu yake katika bomba la gesi lililokuwa na madeni mengi. Hisa ikaporomoka hadi karibu dola 16, na kwa bei hiyo gawio lilionekana kuwa kama asilimia 13. Tarehe 8 Desemba gawio likakatwa kwa asilimia 75, kutoka senti 51 hadi senti 12.5.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2025, gawio lake la mwaka lilikuwa dola 1.17. Bado halijarudi kwenye dola 2.

Kati ya tangazo la hisa maalumu na siku ya kisu kulikuwa na wiki sita. Zilitosha kabisa kwa mwanahisa aliyekuwa akisoma upande wa fedha za ujenzi. Aliyekuwa akitazama asilimia ya gawio peke yake aliona kitu kinazidi kunona: 4, 7, 10, 13. Asilimia hiyo hupatikana kwa kugawanya gawio kwa bei. Bei ikianguka, inapanda yenyewe bila kampuni kuongeza hata senti. Ikifika mahali ambapo hakuna benki wala hati fungani inayokaribia, soko linakwambia haliamini kwamba gawio hilo litalipwa. Linaweza kukosea, lakini usiichukulie kama zawadi.

Kwa hiyo, katika hatua hii, andika majibu ya maswali haya kila robo mwaka. Fedha ikishalipa gawio, kinachobaki kinalipia sehemu gani ya ujenzi wa mwaka huu? Deni ni mara ngapi ya mapato kabla ya riba, kodi na uchakavu? (Enbridge hulenga kati ya mara 4.5 na 5; ikivuka hapo kwa muda mrefu, ningeanza kuuliza.) Je, kampuni imetoa hisa mpya kwa bei ya chini, au hati zenye riba isiyolingana na majivuno yake? Je, wakala wa kupima madeni amebadili mtazamo? Na mradi mkubwa unaojengwa sasa, gharama yake imepanda mara ngapi tangu utangazwe?

Swali la mwisho si la kupita haraka. Bomba la gesi la Coastal GasLink, kilomita 670 hadi Kitimat kwenye pwani ya British Columbia, TC Energy ya Calgary iliikadiria gharama yake kuwa dola za Kanada bilioni 6.2, na makadirio yakaishia 14.5. Mwanahisa alikuwa na haki ya kukosa usingizi. Ila tazama kampuni ilichofanya: mwaka 2023 iliuza asilimia 40 ya mabomba yake ya gesi ya Columbia huko Marekani kwa dola za Kanada bilioni 5.2, ikapunguza deni, na gawio halikuguswa. Shida ilikuwepo, na ilikabiliwa kwa kuuza mali. Mimi hapo nisingeuza. Ningeuza kama wangesema "tunaangalia njia mbalimbali" robo tatu mfululizo huku deni likipanda.

Hatua ya 5: Bei imeshuka. Nini kimevunjika?

Septemba 2023 Enbridge ilitangaza kununua kampuni tatu za kusambaza gesi Marekani kutoka kwa Dominion kwa dola za Marekani bilioni 14, na ikatoa hisa mpya kwa dola za Kanada 44.70. Wakati huo riba ya Benki Kuu ya Kanada ilikuwa asilimia 5. Mtu angeweza kuweka hela benki, akalala, akapata asilimia 5 bila bomba wala mafuta, sasa kwa nini abebe hatari? Hisa za mabomba zikauzwa kwa wingi, na Oktoba mwaka huo Enbridge ilishuka chini ya dola 45. Gawio lilikaribia asilimia 8.

Ukipitisha hali hiyo kwenye hatua ya 3 na ya 4: fedha inayogawika ilikuwa palepale, na fedha ya kununulia ilitafutwa mapema na hadharani. Riba ilianza kushuka Juni 2024, na kabla mwaka huo haujaisha hisa ilikuwa imevuka dola 60. Gawio lilipandishwa njiani kama ada yake. Kampuni hiyo hulipandisha kila mwaka tangu katikati ya miaka ya tisini.

Hili ndilo kosa langu la kuuza mapema, kwa kampuni ambayo sitaitaja. Biashara ilikuwa nzima. Kilichobadilika kilikuwa bei ya hela benki.

Kwa hiyo bei ikishuka, tafuta kinacholaumiwa. Kama ni riba, kwa kawaida hisa zote za aina hiyo zitakuwa zimeshuka pamoja: mabomba, umeme, simu. Kama imeshuka ya kwako tu, chimba.

Hatua ya 6: Gawio limeshakatwa. Sasa?

Kwanza hakikisha limekatwa kweli. Oktoba 2024 TC Energy ilijigawa, ikaizaa South Bow kwa ajili ya mabomba ya mafuta ghafi. Gawio la TC Energy likashuka kutoka senti 96 hadi 82.25 kwa robo, na mjomba mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp akatangaza msiba. Hakuwa ameona kwamba kwa kila hisa tano za TC Energy aliwekewa hisa moja ya South Bow, nayo ikaanza kulipa gawio lake.

Kama limekatwa kweli, usiuze kwa hasira. Siku iliyofuata tangazo la Kinder Morgan hisa ilipanda kidogo, Januari 2016 ikashuka chini ya dola 12, na kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa karibu 20. Machi 2020 Inter Pipeline ya Calgary ilikata gawio lake la kila mwezi kutoka senti 14.25 hadi senti 4, huku ikijenga kiwanda kikubwa cha plastiki pale Heartland, karibu na Edmonton. Hisa ilikuwa chini ya dola 10. Mwaka uliofuata kampuni ya uwekezaji ya Brookfield iliinunua kampuni nzima, na bei ya mwisho ilikuwa dola 20 kwa hisa.

Sisemi subiri, utaokolewa na tajiri. Ninachosema ni kwamba baada ya kisu kupita, unatazama kampuni nyingine: gawio dogo, hela nyingi zinazobaki ndani, deni linalopungua. Jiulize kama ungekuwa na fedha taslimu leo ungeinunua kwa bei ya leo. Ukijibu hapana, uza, hata kama ni kwa hasara. Bei uliyonunulia haiingii kwenye swali hilo, ingawa ndiyo inayouma.

Na kama sababu yako kwenye karatasi ni kodi ya nyumba, na gawio limebaki robo, basi sababu imekufa. Uza uende kwingine bila maneno mengi.

Hatua ya 7: Jitazame wewe mwenyewe

Huenda kampuni haina tatizo lolote, na bado ukapaswa kuuza. Hii ndiyo ilikuwa hali ya shemeji, ingawa hakuniuliza hivyo.

Anafanya kazi kwenye mchanga wa mafuta. Nyumba yake iko Fort McMurray, mji ambao nyumba hupanda na kushuka na bei ya pipa. Mfuko wake wa pensheni una hisa za mwajiri wake. Juu ya hayo yote, akiba yake binafsi ilikuwa imeingia karibu nusu katika hisa moja ya bomba linalosafirisha mafuta hayohayo. Mwanzoni mwa 2016 pipa lilishuka chini ya dola 30 na watu wakapoteza kazi. Mei mwaka huo moto wa msitu ukauhamisha mji wote, zaidi ya watu 80,000. Mwaka kama huo ukirudi, kazi, nyumba, pensheni na akiba vinayumba siku moja, na gawio la senti kadhaa halitamlipia mkopo wa nyumba.

Kipimo changu, na ni changu tu: hisa moja isizidi sehemu moja ya kumi ya akiba yako, na kama mshahara wako unatoka kwenye sekta hiyohiyo, ipunguze nusu tena.

Sababu nyingine za nyumbani hazihitaji maelezo: ada ya mtoto, malipo ya awali ya nyumba, mgonjwa. Hela unayoihitaji ndani ya miaka miwili haikupaswa kuwa kwenye hisa.

Hatua ya 8: Kodi kabla ya kitufe

Kanada, ukiuza kwa faida nje ya akaunti zilizolindwa, nusu ya faida hiyo huingia kwenye mapato yako ya mwaka. Ndani ya TFSA, akaunti ya akiba isiyotozwa kodi, haitozwi kitu, lakini hasara yake pia huwezi kuitumia kupunguza kodi. Ukiuza kwa hasara kwenye akaunti ya kawaida, usiinunue tena hisa hiyo ndani ya siku 30 kabla au baada ya kuuza, wala mkeo au mumeo asiinunue, la sivyo hasara hiyo haitakubaliwa kwa wakati huo. Hisa za Marekani kama Kinder Morgan ndani ya TFSA hukatwa asilimia 15 ya gawio huko zinakotoka. Kwenye RRSP, akaunti ya akiba ya kustaafu, hazikatwi.

Mliopo Kenya na Tanzania: nchi hizi hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo gawio la kampuni ya huko hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30. La Kanada kiwango cha kawaida ni 25, isipokuwa pale mkataba unapokipunguza. Liweke hilo kwenye hesabu: asilimia 7 ya Marekani ukiwa Mombasa ni chini ya 5 mkononi.

Jihadharini zaidi na mabomba yaliyoundwa kama ubia badala ya kampuni, kwa mfano Enterprise Products na Energy Transfer. Asiye mkazi wa Marekani anaweza kukatwa asilimia 37 ya mgao, na tangu 2023 akiuza anaweza kukatwa asilimia 10 ya mauzo yote, hata kama ameuza kwa hasara. Hata Wamarekani wenyewe walionja ladha hiyo kwa njia nyingine: kampuni ya ONEOK ilipoinunua Magellan, iliyokuwa nayo ya ubia, mwaka 2023, wenye vipande wa siku nyingi walijikuta na mzigo wa kodi kwa mauzo ambayo wao hawakuyapanga.

Hatua ya 9: Kuuza kwenyewe

Usiweke agizo la kuuza kwa bei yoyote asubuhi soko linapofunguliwa baada ya habari mbaya. Weka agizo lenye kikomo: siuzi chini ya bei fulani. Kama unauza kwa sababu ya hatua ya 7, gawanya mara mbili au tatu ndani ya miezi michache. Kama unauza kwa sababu ya hatua ya 4, uza yote. Nyumba inayoungua haihamwi kwa awamu.

Wengine hukwama wakisubiri "gawio moja la mwisho". Siku hisa inapoanza kuuzwa bila gawio, bei yake hufunguka ikiwa imepunguzwa takribani kiasi hichohicho, kwa hiyo hupati cha bure. Kama umeshaamua, kalenda ya gawio isikuzuie.

Ya shemeji iliishia hivi. Tulikaa na ripoti za miaka mitano, yeye na kikokotoo, mimi na chai. Gawio lilikuwa salama, deni lilikuwa ndani ya mipaka ya kampuni, ujenzi ulilipwa zaidi na fedha ya ndani. Hofu iliyompigisha simu haikuwa na msingi.

"Kwa hiyo siuzi?"

"Unauza. Ila siyo kwa sababu uliyonipigia."

Aliuza robo tatu kwa mikupuo mitatu, zote zikiwa ndani ya TFSA, akahamishia kwenye mfuko wa hisa za sekta nyingi. Robo iliyobaki anayo. Karatasi yake ameibandika kwenye friji chini ya sumaku ya Tanga, ina mistari miwili: "Ninayo kwa ajili ya gawio. Nauza wakianza kujenga kwa hela za watu." Shemeji yangu wa kike ameongeza wa tatu kwa kalamu nyekundu: "Usimpigie Shem saa nne usiku."